Mjadala: Kijiji kikigeuzwa mtaa, nani anabaki na kauli juu ya ardhi?

Ndugu wanajamvi, mchangiaji aliyetangulia amesema wakazi wa pembezoni mwa Dodoma, ambao vijiji vyao vimegeuzwa mitaa ya jiji, hawana cha kulalamikia, kwa kuwa jiji limewaletea barabara, maji na hati. Sikatai faida hizo. Mjane aliyekuwa akilima kwa hisani ya ukoo wa mumewe leo anaweza kushika hati yenye jina lake, na hilo si jambo dogo hapa Ugogo. Hata hivyo, hoja hiyo inaruka swali la madaraka.

Kwa mujibu wa Sheria ya Ardhi ya Vijiji, Na. 5 ya 1999, halmashauri ya kijiji ndiyo inayosimamia ardhi ya kijiji, na haiwezi kuigawa bila ridhaa ya mkutano mkuu, ambao kila mkazi mwenye umri wa miaka 18 na kuendelea ni mjumbe wake. Kijiji kikishageuzwa mtaa, mkutano unabaki lakini ridhaa hiyo inaondoka. Mwenyekiti anagonga mhuri barua za utambulisho na kusuluhisha ugomvi wa majirani, ilhali ramani inachorwa kwingine. Mwaka juzi nilikaa chini ya mbuyu katika mkutano wa namna hiyo. Mzee mmoja alisimama akauliza kwa nini bikoni, yaani nguzo ya mpaka wa kiwanja, imechimbiwa katikati ya uwele wake, wiki mbili kabla ya mavuno, na mwenyekiti, aliyekua naye tangu utotoni, akajibu kwamba hata yeye ameiona asubuhi ile ile.

Wapo watakaonikumbusha kwamba mambo haya hayakuanza Dodoma ilipotangazwa kuwa jiji tarehe 26 Aprili 2018, kwani CDA, yaani Mamlaka ya Ustawishaji Makao Makuu, ilishika ardhi ya makao makuu tangu 1973 hadi ilipovunjwa Mei 2017. Ni kweli. Lakini majukumu yake yalihamia kwenye halmashauri yenye madiwani tunaowachagua wenyewe, na wengi wetu tulitarajia kauli ishuke hadi mtaani. Wakati huo huo watu wameongezeka kutoka 410,956 katika sensa ya 2012 hadi 765,179 katika ile ya 2022, na kila msimu mashamba yanazidi kugeuka viwanja.

Napendekeza sheria iulazimishe mchoro wa upimaji upitishwe na mkutano wa mtaa kabla bikoni ya kwanza haijachimbiwa, na fidia ielezwe siku hiyo hiyo. Naomba wachangiaji wa Mbeya na Iringa, ambako vijiji vya nyanda za juu navyo vinamezwa na mji, watueleze wakazi wao huulizwa nini kabla ya upimaji.