Maoni ya sheria ya miliki ubunifu: jina "mchele wa Kyela" ni la nani?

MamaMpunga (Ipinda)

Wakuu, habari za jioni. Wa nyumbani, ugonile.

Nalima ekari nne za mpunga huku Ipinda, wilayani Kyela, nakoboa na kufungasha mwenyewe viroba vya kilo tano na kumi. Kwenye kikundi chetu tumeambiwa serikali inapokea maoni ya wadau kuhusu kurekebisha sheria za miliki ubunifu, na kila kikundi kipeleke ya kwake kwa maandishi. Katibu kaja na karatasi: hakimiliki, hataza (haki ya mvumbuzi), alama za biashara, viashiria vya kijiografia. Wenzangu wote wakaangalia pembeni. Karatasi ikabaki kwangu, eti mimi nilifika kidato cha nne.

Niwaambie kwa nini sikuikataa. Mwaka jana nilipeleka gunia sita Dar kwa dada mmoja mwenye duka. Siku ya nne kanipigia: "Mama, wateja wanasema huu siyo Kyela." Nikamuuliza, Kyela ni upi basi? Akanitumia picha. Mchele mweupe pe, punje ndefu zimenyooka kama sindano, kiroba kimeandikwa MCHELE HALISI WA KYELA kwa maandishi mekundu. Wangu una chenga kidogo na rangi yake ni ya maziwa, lakini ukiubandika jikoni, jirani wa nyumba ya tatu anajua leo kwako kuna wali. Yaani umekataliwa kwa sababu haufanani na ule uliochukua jina la kwetu! Nilicheka, halafu nikakaa chini nikapiga hesabu ya nauli.

Sasa naomba kueleweshwa. Sheria inaweza kuzuia jina Kyela lisibandikwe ovyo? Na mimi nikienda BRELA, wakala wa usajili wa biashara, kesho nikasajili "Mchele wa Kyela" wakanikubalia, si nitakuwa nimewapora majirani zangu?

Wakili wa Uyole

Mama, hilo la mwisho ndilo lenye nyama.

Alama za biashara na huduma zina sheria yake ya mwaka 1986. Ukisajili unapewa miaka 7, ukihuisha unapata 10 mingine. Alama ni mali yako: unauza, unarithisha, unampeleka mtu mahakamani. Kwa hiyo jina tupu la mahali lina shida, maana kila anayelima pale ana haki ya kulitaja. Buni jina lako na mchoro wako, hivyo vitasajilika vizuri. Ila havitamzuia yule wa Dar kuandika Kyela kwenye kiroba chake.

Kinachokufaa ni hicho kiashiria cha kijiografia. Hakina mwenyewe mmoja. Kinakuwa cha wote wanaozalisha ndani ya mpaka uliochorwa, kwa namna iliyokubaliwa. Mkataba wa TRIPS wa Shirika la Biashara Duniani, ule wa miliki ubunifu, unakitambua, na Zanzibar wamekiweka kwenye sheria yao ya mali za viwanda ya 2008. Huku Bara ndipo penye pengo, hapo ndipo pa kuandikia maoni. Nchi za kundi letu, zile zenye maendeleo duni zaidi, zimepewa hadi 1 Julai 2034 kutekeleza mkataba huo kikamilifu, hivyo hakuna anayetukimbiza. Nahofia ndiyo maana tunatembea.

Na usisahau, miliki ubunifu si jambo la Muungano. Alama uliyosajili Bara, ukishuka boti Unguja unaanza upya.

Mkulima_Ubaruku

Watu wa Kyela kwa kulia mmejaliwa. Mchele wetu wa bonde la Usangu unanunuliwa hapa Ubaruku hauna jina, ukifika mjini tayari una cheti cha kuzaliwa cha Kyela. Aliyeibiwa ni nani hapo? Mama kaibiwa jina, mimi nimeibiwa mchele.

Halafu mnaposema Kyela mnasema nini? Supa, ile mbegu ya mpunga unaonukia, nalima na mimi. Kama ni mbegu, basi na mimi ni Kyela. Kama ni udongo, nani atasimama barabarani kuupima?

Mdau wa Mafinga

Wahindi walipita huku. Mwaka 1997 kampuni ya RiceTec ya Texas ilipewa hataza Marekani juu ya aina za mchele wa basmati, ule unaonukia wa kwao. India ikapinga na madai mengi yakaondolewa, lakini ilibidi wakusanye ushahidi wa kitaalamu. Ethiopia nao kwa kahawa zao za Sidamo, Harar na Yirgacheffe walichagua alama za biashara, serikali yenyewe ikawa mwenye alama, na mwaka 2007 wakamalizana na Starbucks, kampuni ya kahawa ya Marekani. Kwa hiyo njia si moja, mama. Ulizeni nani atashika daftari la jina hilo: wizara, halmashauri au ushirika wenu. Mimi ushirika naujua, sisemi zaidi.

MamaMpunga (Ipinda)

Ndaga fijo, asante sana wakili.

Kaka wa Ubaruku, umenichoma lakini una haki. Mimi najua mvua ya Ziwa Nyasa, na najua mito ya Kiwira, Mbaka na Lufilyo inavyotushushia udongo wa Rungwe kila masika. Wazee wanasema harufu inatoka hapo. Lakini nisiwe mnafiki: SARO 5, mbegu ya kisasa, imefika hadi kwetu kwa sababu inazaa, na hata mimi nina nusu ekari yake. Hainukii kama ile ya mama yangu. Imeota Kyela, je, ni Kyela? Nikiandika "udongo tu" nimeiingiza. Nikiandika "mbegu za zamani tu" nimewatoa nusu ya kikundi, akiwemo katibu.

Na mashineni je? Mwenye mashine akiunganisha mpunga wa watu watano, ule mpaka uliochorwa umeishia kwenye kinu.

Nimeandika hivi mpaka sasa: jina liwe la wilaya, lisiwe la mtu, mbegu zitajwe kwa majina, mashine ziandikishwe, na kiroba kiseme kimekobolewa wapi.

Mkulima_Ubaruku

Ongeza na Usangu tupewe jina letu. Tukiwa nalo hatutahitaji lenu.

MamaMpunga (Ipinda)

Naongeza sasa hivi. Na wewe mpe konda wa basi kilo mbili za hiyo Supa yako. Nitaipika pamoja na ya kwangu, katibu aonje akiwa amefumba macho.