Maji ya magome ya mkwinini yanafanya masikio yavume? Naomba ushauri

Kisamvu: Wakuu, nina wasiwasi. Kuna mtu wangu alisumbuliwa na homa, tukamchemshia magome ya mkwinini kutoka Amani, kule Usambara. Homa imeshuka, lakini tangu juzi masikio yanamvuma na kizunguzungu hakiishi. Nipunguze kipimo au nichanganye na asali?

Kobe Mwepesi: Pole. Mimi nilitundikiwa dripu ya kwinini nikiwa bwenini, dunia nzima ikawa inanong'ona. Matroni ananifokea, mimi namjibu "ahsante".

Mzee wa Lushoto: Msidharau asili. Vita vya kwanza, askari wa Lettow-Vorbeck, kamanda wa Wajerumani huku kwetu, walikunywa magome hayohayo yaliyochemshwa. Mungu hakuumba mti bure.

Duka la Dawa: Mzee, wale hawakuwa na la kuchagua. Kisamvu, asali haihusiki. Gome lile lina kemikali kadhaa zenye nguvu: kwinini, kwinidini, sinkonini na sinkonidini, na hakuna gome linalolingana na jingine; kikombe cha jana si cha leo. Wakemia Wafaransa Pelletier na Caventou waliitenga kwinini 1820, ndipo ikawezekana kumpimia mgonjwa dozi. Masikio kuvuma ni dalili kwamba huenda imezidi. Mgonjwa ana umri gani? Kapima malaria? Anatumia dawa gani nyingine?

Kisamvu: Ni mama, miaka 67. Hajapima, homa zake tunazijua.

Duka la Dawa: Na dawa?

Kisamvu: Anameza digoksini, ya moyo. Lakini hiyo ni ya hospitali na hii ni ya mti, zinakutana wapi? Halafu gunia zima nimeshalilipia.

Duka la Dawa: Zinakutana kwenye damu! Kwinidini yenyewe inagusa mapigo ya moyo, tena inapandisha digoksini mwilini. Acha hayo maji, mpeleke hospitali sasa hivi. Beba magome na boksi la vidonge.

Mama Tatu: Mama mzazi anageuzwa panya wa maabara kisa gunia limelipiwa! Wanaume nyie.

Jicho Kavu: Tulieni. Akaunti imefunguliwa leo, "kutoka Amani", "homa imeshuka", "gunia zima". Hili ni tangazo. Kesho mama kapona na namba ya simu inawekwa.

Kisamvu: Tangazo gani linataja masikio kuvuma? Tunasubiri bajaji hapa.

Jicho Kavu: Weka picha ya gunia.

Chuma Ulete: Mkuu, kama huna kazi nalo tena, kilo unaachia bei gani?