Wembe wa kukunja wa kubadilisha nyembe: msafiri achague upi?

Mfanyabiashara wa Wete

Assalaamu alaykum ndugu zangu. Mimi ni mkaazi wa Wete, na biashara hunipeleka Unguja na Dar es Salaam mara kwa mara, na wakati mwengine hadi Muscat. Ndevu sizinyoi, lakini napenda mashavu na shingo visafishwe na mstari wake uonekane umenyooka. Vile vinyoleo vya plastiki vya kutupa vinaniachia vipele shingoni, na mstari wenyewe hauchongeki vizuri kwa sababu kichwa chake kinaficha pale ninapotaka kukata. Nimeazimia kununua kishikio cha kukunja kama cha vinyozi, kile ambacho hakinolewi bali hutiwa wembe mpya. Madukani Darajani nimeoneshwa vya kila namna, vya bati jepesi na vizito vya bei ya juu, na muuzaji mmoja akaniambia kwamba vyote ni sawa, tofauti ni rangi. Sikuridhika. Naomba mwenye ujuzi anieleze nitazame nini hasa, na kama hewa yetu hii ya chumvi haitakila kutu mapema.

Kinyozi Mstaafu, Mlandege

Waalaykumu salaam. Huyo muuzaji anajua kuuza, kunyoa ni kazi nyengine.

Kabla ya kutazama mpini, uliza ni wembe gani unaoingia. Vishikio vingi hupokea nusu ya wembe wa kawaida wa pande mbili, huu unaopatikana duka lolote kuanzia Konde hadi Makunduchi. Unaukunja kwa urefu ukiwa bado ndani ya karatasi yake, makali mawili yakikaribiana, mpaka uusikie ukikatika, na hapo unapata nusu mbili bila ya kidole kugusa makali. Kuna na pakiti za nusu zilizokwisha kukatwa kiwandani, kama zile za Derby za mia moja. Aina nyengine hupokea nyembe maalumu za Kijapani, mfano wake Artist Club ya Feather, ambazo ni ndefu na nene zaidi, hukaa imara na kuteleza kwa ulaini ambao nusu ya wembe haiufikii. Wembe wa kawaida una unene wa milimita 0.1 tu, kwa hiyo hupinda kidogo ukikutana na ndevu ngumu, na pembe zake mbili huchoma asiyekuwa na uzoefu. Pamoja na hayo, kwa safari zako mimi nachagua nusu ya wembe, kwa kuwa nyembe za Kijapani zikikuishia Mkoani utazitafuta kwa nani?

Baada ya hapo tazama namna wembe unavyokamatwa, na hapa ndipo pesa yako inapostahiki kwenda. Katika kile cha Dovo, kampuni ya Solingen, Ujerumani, wembe huvikwa kwanza kwenye kipande chembamba kinachosukumwa ndani ya shingo ya kishikio. Ni chepesi na kinafaa mkobani, ila kipande hicho kikisahauliwa kwenye beseni la hoteli, umebaki na mpini mtupu. Katika vishikio vya mfano wa Parker SRX, taya hufunguka kwa bawaba, wembe ukalazwa mahali pake, taya likafungwa na kubanwa, na hakuna cha kupotea. Kwa msafiri huu ndio utaratibu ninaoupendelea. Ukiwa dukani, omba utiwe wembe, kisha ukiinue kishikio kuelekea mwangaza wa mlango na utazame makali yalivyojitokeza: yakiwa yamezidi upande mmoja, hata kwa unywele, kirudishe, kwa sababu upande huo ndio utakaokukata. Utikise pia, ukisikia kitu kinacheza ndani, usikichukue. Uzito kidogo ni jambo jema, maana kishikio kizito hushuka chenyewe na mkono hauna haja ya kukandamiza, ilhali bati jepesi humfanya mtu abonyeze bila kujitambua.

Abuu wa Mtoni

Kwa heshima zote, mzee wangu, nadhani tunamshauri ndugu yetu vibaya. Msafiri hunyoa mbele ya kioo kidogo, taa hafifu, na pengine boti inayumba. Mashine ya kawaida ya kunyolea, ile ya kukaza kwa skrubu, hutumia wembe huohuo mzima, ina ukingo wa kuilinda ngozi, na mtu huizoea upesi.

Kinyozi Mstaafu, Mlandege

Anayetaka uso mzima uwe laini, nakubaliana nawe, achukue mashine. Mwenzetu anataka kuchonga mstari juu ya ndevu anazoziacha, na kwa kazi hiyo makali lazima yaonekane. Ama kunyoa ndani ya boti, iwe kwa chombo chochote, asubiri ateremke.

Muuguzi wa Chake Chake

Niongeze upande wa ngozi. Vipele vya shingoni kwa watu wenye nywele za kujikunja huja pale ncha ya unywele uliokatwa inapoota kuelekea ndani ya ngozi, na kadiri unavyokata kwa chini zaidi ndivyo unavyozidisha uwezekano huo. Wembe wa kukunja hauondoi tatizo hili wenyewe. Faida yake ni kwamba una makali mamoja na unakuruhusu kupita mara moja. Pitisha vidole shingoni kwanza ujue nywele zimelalia wapi, kwa sababu chini ya taya mara nyingi hubadilisha mwelekeo, kisha fuata mlalo wao, ngozi ukiivuta kidogo na wembe ukiulaza kama nyuzi 30. Usirudie pasipo na povu. Pia kumbuka kwamba maji ya visima vyetu vya mawe ya matumbawe ni magumu na sabuni haitoi povu zuri. Ukiwa na maji ya mvua au ya chupa, kikombe kimoja kinatosha.

Kuwa na wembe wako kuna faida nyengine kubwa. Virusi vya homa ya ini aina ya B vinaweza kuishi nje ya mwili kwa siku 7 au zaidi, kwa hiyo wembe usiazimane na mtu, hata awe ndugu wa tumbo moja. Nyembe zilizotumika zitie kwenye kichupa cha plastiki chenye kifuniko na uzitupe zikiwa humo, maana anayesafisha chumba cha wageni hutia mkono ndani ya pipa bila kujua kilichomo.

Mfanyabiashara wa Wete

Nawashukuru sana, nimeshajua cha kutafuta. Yamebaki mawili. Kwenye ndege nikiweke wapi? Na Inshallah nikijaaliwa Umra, nitaweza kukitumia kunyoa kichwa mwenyewe?

Msafiri wa Malindi

Nyembe zote, pamoja na uliomo ndani ya kishikio, zitie kwenye begi linalokwenda chini. Kishikio kitupu baadhi ya viwanja hukiruhusu juu, lakini uamuzi ni wa mkaguzi aliyepo siku hiyo, na sioni sababu ya kujadiliana naye. Ukiwa na mkoba wa mkononi peke yake, nyembe usizichukue kabisa. Utazinunua ufikako, na hapo utaona mzee wetu alikuwa na maana gani kuhusu nusu ya wembe.

Kichwa usikinyoe mwenyewe, kwani kisogo hukioni. Nenda kwa kinyozi mwenye leseni na uhakikishe anafungua wembe mpya mbele yako. Ukiwa umo ndani ya ihramu usiguse unywele wowote mpaka wakati wake ufike.

Kuhusu kutu, chagua chuma cha pua kitupu kuliko kilichopakwa rangi ya kung'aa, kwa kuwa rangi ikishabanduka kwenye bawaba, chumvi huingilia hapo. Kila ukimaliza toa wembe, suuza kishikio kwa maji baridi, kikaushe na ukiache wazi, na bawaba uitie tone la mafuta ya cherehani. Kifuko cha ngozi kilichofungwa kikiwa na unyevu ni kibaya kuliko upepo wa bahari. Mimi changu hukizungushia kitambaa cha pamba.