Wakuu, hii biashara ya "temperamenti" sasa imezidi

Wakuu, nimekereka, naomba nitoe la moyoni.

Jumamosi iliyopita mimi na mchumba wangu tulikwenda semina ya wachumba. Tukagawiwa karatasi za maswali ya kupima temperamenti, yaani aina ya tabia mtu anayozaliwa nayo, tukaweka vema kwa penseli, hata dakika 20 hazikufika. Mwalimu akajumlisha, akaandika juu kwa kalamu nyekundu: mimi KOLERIKI (mwepesi wa kuwaka), mwenzangu MELANKOLIKI (mtu wa huzuni na mawazo mengi). Kisha akatangaza mbele ya ukumbi mzima, "Hawa damu zao haziendani, watasumbuana." Mwenzangu akainamisha kichwa, akawa anaikunja ile karatasi mpaka ikabaki kama tiketi ya daladala. Tangu siku hiyo nikipandisha sauti kidogo tu, ananyamaza na kunitazama kama mtu aliyekwisha kuonywa.

Huyo mwalimu anajua alichokuwa anakisema? Majina hayo yametokana na tiba ya Wagiriki wa kale, walioamini mwilini mna majimaji manne: damu, kohozi, nyongo ya njano na nyongo nyeusi. Melankoliki maana yake mwenye nyongo nyeusi nyingi. Nyongo nyeusi yenyewe haipo! Na neno temperamenti, kwa asili yake ya Kilatini, ni kuchanganya kwa kiasi. Mchanganyiko, wakuu. Hata hao wa kale walisema kila mtu anavyo vyote vinne, vinazidiana tu. Nani kaugeuza mchanganyiko kuwa vyumba vinne vya kufungia watu?

Neno letu tunalo: hulka. Mtoto mmoja akiona mgeni anajificha nyuma ya kanga ya mama, ndugu yake anamrukia mgeni mapajani. Hiyo ni hulka. Thomas na Chess, watafiti wa hulka za watoto walioanza kuwafuatilia New York mwaka 1956, waliona kwamba hulka peke yake haimharibu mtoto. Kikubwa ni jinsi inavyopokelewa na wanaomlea. Hilo ndilo tulilifuata pale: mwenzangu akinyamaza, nifanyeje?

Kazini nako ni yaleyale. Bosi wetu anamtukana mtu mbele ya wateja, akimaliza anasema, "Mnivumilie, mimi koleriki." Hapana. Kuwaka upesi ni hulka, tusi umelichagua mwenyewe.

Jumamosi hii kuna kipindi cha pili. Mwenzangu amesema haendi. Mimi nakwenda, na karatasi yangu ninayo. Nataka ayafute maneno yake mbele ya watu walewale.