Barakoa zimevuliwa, deni la kodi limebaki: mpangaji afanyweje?

Kauli Moja:
Wadau, naomba tujadili bila matusi. Wakati wa kufungiwa ndani, nchi nyingi zilizuia wenye nyumba kuwatoa wapangaji walioshindwa kulipa. Kisha ofisi zikafunguliwa na zuio hilo nalo likaondoka. England liliisha tarehe 31 Mei 2021. Marekani, Mahakama ya Juu ililivunja mwezi Agosti mwaka huohuo. Deni, lakini, halikuvuliwa pamoja na barakoa. Mtu mwenye malimbikizo ya miezi minane, aliyoyapata akiwa amekatazwa kwenda kazini, je, atolewe kama mdaiwa mwingine yeyote au awekewe utaratibu wake? Mimi nasema awekewe wake. Karibuni.

Mama Funguo:
Uwekwe na nani, kwa hela ya nani? Mimi nina nyumba moja tu. Chini naishi, juu napangisha, na hiyo ndiyo pensheni yangu. Aliye juu hajalipa miezi saba. Benki hainiulizi kuhusu korona, inauliza rejesho liko wapi. Kila alfajiri kijana huyo anashuka ngazi viatu mkononi ili nisimsikie. Namsikia. Wahenga walishamaliza: mgeni siku mbili, ya tatu mpe jembe.

Ngazi ya Tatu:
Mama, shikamoo. Mgeni ni nani hapo? Mgeni halipi kodi. Mgeni hatoi amana ambayo siku ya kuhama inaliwa kwa sababu ya tundu la msumari lililokuwepo kabla hajaingia. Mimi nimepanga nyumba moja miaka kumi na moja, watoto wangu wawili wamejifunza kutembea kwenye sakafu ile. Leo ndiyo naambiwa ni mgeni?

Nusu Bei:
Miaka kumi na moja! Hilo jembe limeshaota kutu, na mpini umeliwa na mchwa 😂

Mama Funguo:
Marahaba mwanangu. Lakini usiyageuze maneno yangu. Ni methali tu.

Ngazi ya Tatu:
Methali tu? Ukimwita mtu mgeni umeshampangia na siku ya kuondoka. Halafu mnasema "mpangaji wangu" kama mtu anavyosema "kuku wangu".

Fundi Mwashi:
Nirudi kwenye mada kidogo. Mimi ni mtu wa site. Mnagombania vyumba vilivyopo, hakuna anayeuliza vipya viko wapi. Katikati ya mwaka 2021 mbao kule Marekani zilifika zaidi ya mara tatu ya bei ya kabla ya korona. Nondo zilipanda, makontena yakakwama bandarini. Singapore, ambako nyumba nyingi hujengwa na vibarua kutoka nje, mipaka ilipofungwa watu waliokwishaandikishwa nyumba zao wakaambiwa wasubiri zaidi. Nyumba isiyojengwa mwaka 2020 ndiyo mnayoitafuta leo. Mkishamfukuza huyo wa viatu mkononi, chumba kitakuwa kilekile kimoja.

Shubiri:
Fundi usitulaze usingizi. Mama kasema kweli, ila kakosea mgeni. Wageni wenyewe ni hawa wenye fedha za nje wanaonunua mtaa mzima kisha wanazima taa. Fungeni mlango huo muone kama bei hazijashuka.

Mzee wa Hoja:
Naona mmeirukia methali bila kuisoma. Haisemi "ya tatu mfukuze." Inasema mpe jembe, yaani mpe kazi, aingie shambani na wenyeji. Kijana wa Mama Funguo alinyang'anywa jembe kwa amri ya serikali, kisha anaulizwa mbona halimi. Kama serikali ndiyo iliyofunga kazi, basi malimbikizo yale ni ya serikali kwanza, na ilipaswa kumlipa mwenye nyumba moja kwa moja.

Nusu Bei:
Mzee, upo wimbo mrefu wa hiyo methali, unahesabu hadi siku ya kumi. Na ya kumi si jembe tena, ni mateke na magumi. Mama katuonea huruma, kaishia ya tatu.

Kauli Moja:
Shubiri, huo mlango uliwahi kufungwa. New Zealand ilipiga marufuku wageni wengi kununua nyumba za kuishi tangu 2018. Ikaja korona, ikafunga na mipaka yenyewe, hata watalii wakazuiwa. Kufikia katikati ya 2021 bei za nyumba zilikuwa zimepanda kwa zaidi ya robo ndani ya mwaka mmoja. Mgeni gani huyo aliyenunua bila kuingia? Riba ilishushwa karibu na sifuri, wenyeji wenye uwezo wakakopa na kushindana wao kwa wao.

Shubiri:
New Zealand ni kisiwa.

Nusu Bei:
Ni visiwa.

Shubiri:
Haya, visiwa. Wewe dalali kazi yako kuhesabu visiwa? Tunajua nani anakula kwenye kila mkataba. Mpangaji akihama unachukua, akiingia mwingine unachukua. Kwako bora kila mtu afukuzwe kila mwezi.

Nusu Bei:
Kaka, wakati wa kufungiwa hakuna aliyehama na hakuna aliyehamia. Nilikula nini? Niliuza pikipiki. Pesa yangu ya mwisho ya udalali niliipata kwa kuonyesha nyumba kwa simu, nikitembea na kamera chumba hadi chumba kama mpiga picha za harusi, mteja ananiambia "fungua bomba nisikie maji." Nikafungua. Yakatoka hewa. Hakuchukua.

Na kwa taarifa yako nakubaliana na Mzee, serikali ilipe.

Shubiri:
Marekani walilipa, si walitenga mabilioni mia nne na kitu? Kiko wapi?

Mzee wa Hoja:
Si mia nne. Kwa msaada wa kodi za nyumba, Kongresi, yaani Bunge la Marekani, ilitenga zaidi ya dola bilioni 46 kwa awamu mbili, Desemba 2020 na Machi 2021. Shida ilikuwa mfereji. Hadi mwisho wa Julai 2021 kama sehemu moja ya kumi tu ndiyo ilikuwa imewafikia watu. Majimbo na wilaya nyingi, kila moja ilianzisha ofisi yake, fomu zake, ushahidi wake. Mpangaji aliyelipwa kwa mkono na bosi aliyefunga biashara pengine alitakiwa alete barua ya bosi huyohuyo. Na wiki chache baadaye mahakama ikalivunja zuio. Kwa hiyo wapo waliotolewa nje hali pesa ya kuwaokoa iko njiani.

Mama Funguo:
Mzee wangu, hiyo ingeletwa kwangu moja kwa moja nisingeandika neno hapa. Lakini nijibiwe jambo moja: kwa nini kila mtu anamtetea wa juu, hakuna anayemtaja wa chini?

Ngazi ya Tatu:
Kwa sababu wa chini ana nyumba, mama. Mkikosa wote wawili mwezi mmoja, wewe unapata barua ya benki, yeye anapata godoro barabarani.

Mama Funguo:
Na mimi nikipata barua tatu za benki? Nani atasafiri na godoro? Tena sote wawili! Ninyi mkisikia "mwenye nyumba" mnaona tajiri mwenye kitambi. Mwenye nyumba wangu mimi ni benki. Na mimi ni mpangaji wake.

Kauli Moja:
Hili ni kweli, na ndiyo maana nilisema "utaratibu wake". Anayepangisha ghorofa moja na kampuni yenye maelfu ya nyumba hawawezi kupimwa kwa kipimo kimoja. Berlin walijaribu. Kwanza mwaka 2020 jiji lilisimamisha kodi kwenye viwango vya Juni 2019 kwa nyumba zilizojengwa kabla ya 2014. Kisha Septemba 2021 wakapiga kura ya maoni kuhusu kampuni zenye nyumba zaidi ya 3,000, nyumba hizo zichukuliwe ziwe mali ya umma. Zaidi ya watu milioni moja walisema ndiyo.

Shubiri:
Na zimechukuliwa?

Kauli Moja:
Kura haikuwa ya kulazimisha.

Shubiri:
Asante. Na ile ya kusimamisha kodi?

Ngazi ya Tatu:
Ilifutwa na Mahakama ya Katiba ya Ujerumani Aprili 2021. Si kwamba majaji walisema kodi ni ndogo mno. Walisema jiji halina mamlaka, sheria hiyo ni ya ngazi ya taifa. Lakini aliyeumia ni mpangaji. Waliokuwa wamepunguziwa wakadaiwa tofauti ya miezi yote ya nyuma, isipokuwa wale ambao wenye nyumba waliamua kuwasamehe. Fikiria unafuu unaokuja kudaiwa. Ndiyo maana sisi huku hatuamini hata tukihurumiwa.

Nusu Bei:
Na nyumba za kupangisha zilizotangazwa zilipungua wakati ule. Nasema tu, nisipigwe.

Fundi Mwashi:
Kwa sababu hazijengwi!! Nimeandika huko juu. Vienna, Austria, karibu nusu ya watu wanaishi nyumba za manispaa au za ushirika, lakini walianza miaka ya 1920, hawakuanza siku ya kuvua barakoa.

Shubiri:
Singapore wanane kati ya kumi wanaishi nyumba za serikali, wanapangishwa bei ya chini. Wangeiga huko.

Nusu Bei:
Hawapangi, kaka. Wengi wamenunua, hati ya miaka 99.

Shubiri:
Dalali hakosi 😒

Mama Funguo:
Nimesoma yote mliyoandika kuhusu Berlin. Hakuna aliyenijibu kuhusu ngazi. Mtu anaishi kwangu, ananikwepa kwangu. Zamani tulisalimiana. Ilipoanza korona nikamwomba avae barakoa kwenye ngazi kwa sababu nina kifua. Akakasirika, akasema nimemwona mchafu. Kodi ikachelewa mwezi huohuo. Sasa sijui kama hana hela au ana kinyongo.

Ngazi ya Tatu:
Labda vyote. Nikuambie kwa kuwa nimewahi kuwa yeye. Nilibeba viatu mkononi miezi minne. Nilijua ngazi ya sita inalia, nikawa nairuka. Tulizima redio tukisikia funguo zako, yaani za mwenye nyumba wetu. Mwanangu mdogo alikuwa akisikia funguo anaweka kidole mdomoni mwenyewe. Sikuwa na kinyongo, mama. Nilikuwa sina sentensi. Nikikutana naye nitasema nini? "Kesho"? Nilishaisema mara nne.

Mama Funguo:
Wa kwangu ya sita hailii. Inayolia ni ya tatu kutoka chini.

Mimi nimepanga miaka ishirini na miwili kabla ya kujenga. Usidhani sijui. Lakini wakati huo, ukidaiwa unakwenda kusema, hata kama huna. Unakaa, unapewa maneno makali, unarudi. Yeye hajawahi kuja kupewa maneno makali.

Mzee wa Hoja:
Basi aandikiwe karatasi: kodi ya kuanzia mwezi huu alipe kamili, ya nyuma aigawe kwa miezi ishirini na minne, na benki nayo isogeze rejesho lako kwa muda uleule. Upande mmoja ukisogezwa peke yake, mwingine unapasuka.

Shubiri:
Benki isogeze! Mzee, wewe ndiye mgeni hapa duniani.

Kauli Moja:
Nakumbusha swali: atolewe kama kawaida au awekewe utaratibu? Naomba kila mmoja aseme neno moja.

Nusu Bei:
Jembe.

Fundi Mwashi:
Jengeni.

Shubiri:
Mipaka.

Ngazi ya Tatu:
Mama, hiyo ngazi ya tatu ibandikwe msumari ikae kimya, au iachwe?

Mama Funguo:
Iachwe. Nitajuaje kama ametoka salama?

Na fundi akija kuigusa, nani atamlipa?

Pita Njia:
Sijasoma kurasa za juu. Ila hiyo methali, kwetu tunasema mgeni njoo, mwenyeji apone. Sasa aliyeleta habari za jembe ni nani?