Mjadala: Riwaya ya mapenzi ya kihistoria ijengwe juu ya ngano?

Hoja iliyopo: waandishi wanaotunga mapenzi ya zamani ya Ugogo, nchi ya Wagogo huku Dodoma, wanazidi kutumia visa vya ngano, yaani binti maskini, mama wa kambo, mtoto wa mtemi. Inafaa?

Mdau, Kikuyu (mtaa wa Dodoma)
Napinga. Ngano ni ya hapo zamani za kale, riwaya ya kihistoria ina mwaka wake. Ukiandika mapenzi ya 1918, ukampa mtoto wa mtemi maghala yaliyojaa uwele, umeifuta Mtunya, njaa kuu ya Ugogo. Njaa ile ya 1917 hadi 1920 haikuletwa na ukame peke yake. Majeshi ya Wajerumani, kisha ya Waingereza, yalichukua ng'ombe, nafaka na wapagazi. Hilo halifunikwi na harusi.

Mdau, Area C (Dodoma pia)
Ndugu yangu wa Kikuyu, hapo kosa ni la mwandishi aliyeazima ngano isiyoendana na uchumi wa mahali. Mfaransa Perrault alipoichapa Cinderella, ile ngano ya binti maskini na mama wa kambo, mwaka 1697, Ufaransa binti ndiye aliyekwenda na mali kwa mume; asiyenayo alikwama. Ugogo mali inatoka kwa mume: ng'ombe wanakwenda kwa wazee wa binti na kugawanywa kwa ndugu wa baba yake na wa mama yake. Anayekwama ni kijana asiye na ng'ombe.

Na ngano yake tunayo, ile ya Sultani Darai, iliyokusanywa Unguja na mmisionari Mwingereza Edward Steere na kuchapwa 1870. Maskini anachakura jaani kama kuku, anaokota thumuni, ananunua mnyama paa, na paa huyo anamtafutia mke wa kifalme. Baadaye anamtupa paa mgonjwa, paa anakufa, naye anajikuta tena jaani. Ngano hiyo inadai deni mpaka mwisho. Igeuze hivi: badala ya paa mweke mjomba aliyetoa ng'ombe wa mahari, kisha Mtunya ije, mjomba abishe hodi. Sasa njaa ndiyo inayoendesha kisa.

Mdau, Mpwapwa
Naunga mkono, kwa sharti kwamba kila muujiza ulipiwe kwa mali ya wakati ule. Msafara ukipita Ugogo ulitoa hongo, yaani ushuru wa kupita, kwa nguo zilizohesabiwa kwa doti, na doti moja ni mikono 8. Shujaa asipite bure kwa sababu anapenda. Binti wa kufungiwa mnarani naye hafai: paa la tembe, nyumba ya jadi ya Wagogo, ni la udongo, bapa na la chini, watu wanapanda kuanika nafaka. Na treni isisikike kabla ya 1910, ndipo reli ilipofika Dodoma.

Mama wa kambo anaweza kubaki, ila si kwa kumfagilisha mtoto majivu. Kila mke ana nyumba yake na mifugo iliyotengewa nyumba hiyo. Uonevu wenye uzito ni baba kuchukua ng'ombe wa nyumba ya mke marehemu na kumlipia mahari mtoto wa mke mwingine. Msomaji wa huku ataelewa papo hapo kwa nini binti wa yule marehemu hapati usingizi.

Mdau, Kikuyu
Mjomba wa mahari nimemkubali. Ila "wakaishi raha mustarehe" bado nakataa. Mke akiondoka, ng'ombe wanadaiwa, na waliokwisha kugawana lazima warudishe. Wapenzi wanaobaki pamoja, mwandishi atuoneshe wanabaki kwa kupenda au kwa sababu ng'ombe walishaliwa wakati wa njaa. Wa Area C, kisa chako kinalijibu hilo?