Bao la kete kwenye kishikwambi: nishike Android au iPad?

Binti_Chumbageni
Assalaam alaykum wakuu. Naombeni ushauri kabla sijatoa hela mfukoni.

Baba yangu amecheza bao tangu ujana wake, barazani kwetu hapa Tanga, kila siku baada ya alasiri. Sasa magoti yanamsumbua, kutoka nje ni kwa nadra. Kaka yangu yuko Muscat, na wanawe wawili bao wanalijua kwa picha tu. Nimeazimia kuwatengenezea programu. Siyo ile michezo ya mashimo 12 iliyojaa mtandaoni, nataka bao letu lenyewe: mashimo 32, kete 64, nyumba (shimo kuu la kila mchezaji), na awamu zake mbili, namua na mtaji.

Kaka ana iPad. Mimi na baba tuna simu za Android. Nina laki nne ya kumnunulia mzee kishikwambi, na kaka anasisitiza nitafute iPad iliyotumika ili sote tuwe kitu kimoja. Laptop yangu ni ya Windows, na lugha ya kuandikia programu ninayoiweza ni JavaScript.

Nimeshajaribu kwenye simu ya inchi 6.5. Shimo halifiki hata sentimita 2 kwa upana, kidole cha baba kinagusa mawili kwa mpigo. Halafu akaniambia, "Mwanangu, kete ziko wapi? Mimi naona hesabu." Nilikuwa nimeandika namba ndani ya mashimo. Neno hilo halijanitoka.

Kisosora_88
Chukua iPad dada. Kioo kizuri, na inapata masasisho miaka mingi. Za bei rahisi zitakuchosha.

FundiVioo
Mkuu hapo juu, kwa mtu wa kutumia tu ni sawa, lakini huyu anatengeneza. Programu ya iPad utaijenga kwa kompyuta ya Mac, na kuiweka dukani kwa Apple ni dola 99 kila mwaka. Kwa Google ni dola 25 mara moja basi, na hata bila duka unaweza kumrushia mtu faili la programu lenyewe (APK) kwa WhatsApp akaliweka mwenyewe.

Ila dada, kwa nini uchague? Bao halina mbio wala picha nzito. Liandike kama ukurasa wa kivinjari kwa hiyo JavaScript yako, uwekee sehemu ya kuhifadhi mafaili ndani ya kifaa ili lifanye kazi bila bando. Baba ataliweka kwenye skrini ya mwanzo kupitia Chrome, kaka yako kupitia Safari. Kazi moja, pande zote mbili.

Hela yako inunue ukubwa. Kioo cha inchi 10 kikilazwa mezani kina karibu sentimita 21 za upana. Gawa kwa 8, kila shimo linapata sentimita 2 na nusu, kidole cha mzee kinaenea. Uking'ang'ania iPad kwa laki nne utapewa ya zamani ambayo betri imechoka.

Kitu kingine: hali nzima ya kete ni namba 34, yaani mashimo 32 na akiba ya kila mchezaji (kete ambazo hajaziingiza ubaoni). Kila baada ya mkono, yaani zamu ya mtu, programu izijumlishe. Zisipokuwa 64 kamili, una kosa mahali. Na namba hizo ni ujumbe mfupi tu, baba anaweza kucheza Tanga, mjukuu akajibu Muscat kesho yake.

Babu_wa_Pangani
Mwanangu, mashine sizijui, bao nalijua. Usiziharakishe kete. Zianguke mojamoja, mtu azifuate kwa macho, maana mchezaji anahesabu huku zikitembea. Na kete ya mwisho ikiangukia nyumba ingali nzima wakati mtu anakula, programu isimwamulie. Imsubiri aseme kama analala (anaishia hapo) au anasafiri (anazichota za nyumba na kuendelea kugawa). Hapo ndipo mtu anapojulikana kama anajua bao.

Binti_Chumbageni
Shikamoo babu, na ahsante FundiVioo. Nimepata Android ya inchi 10, imetumika lakini haina mchubuko, laki tatu na themanini. Namba nimezifuta, nimechora komwe zenyewe, za kijivu. Ile hesabu ya 64 ilinionyesha kosa siku ileile: mtu akila, kete alizokula zilikuwa zinagawiwa upande wake bila kufutwa kwenye shimo la mpinzani.

Jana baba alicheza na mjukuu wake mkubwa, huku Muscat wakiwa kwenye iPad. Mikono saba kabla ya magharibi. Mzee alikaa kimya kila mara akisubiri jibu, kama anavyokaa barazani. Mwishoni akaniambia kilichobaki ni sauti. Nirekodi sauti gani? Ubao wake wa mninga ninao hapa.

Babu_wa_Pangani
Marahaba. Rekodi mbili. Moja kete ikiangukia shimo tupu, ambayo inagonga mti. Nyingine ikiangukia kete wenzake. Sisi macho yamepungua, lakini kwa sikio tu tunajua kama mtu amelala au anaendelea.